Dambo ya Nyuma ya Makomeno

Mujukuu wangu Clarisse,

Tuko muzuri huku Makomeno, na mama yako anakusalimia sana. Unaniuliza juu ya nini bantu hawajengi mu dambo, ile mbuga yenye maji nyuma ya nyumba yetu.

Zamani nkambo yako mwanaume, babu yako, akiwa géomètre kijana, mupimaji wa viwanja, alitumwa kuikata parcelles za kujenga nyumba. Akanikuta nachimba chikanda, vile viazi vya mu majani, na vidogo navirudisha mu udongo.

"Unavizika?" akauliza.

"Hapana. Vitakomaa mwaka ujao."

Akang'oa vijiti vyake vya kupimia, akaandika mu plan, ile ramani yake: hapa pasijengwe. Chef yake alikasirika, akamutuma kazi mbali, Sakania, lakini plan haikubadilishwa tena. Miye nilimufuata kule, tukaoana, kisha tukarudi huku.

Jana mvua ilinyesha. Nkambo yako mwanaume alifungua dirisha la kuelekea dambo, tukasikiliza vyura mpaka chai ikapoa.

Nkambo yako mwanamuke,
Veronika