Mechi Uliyoiombea

Shosho, nyanya yangu,

Nimeketi upande wako wa kochi, ule wa karibu na dirisha. Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa nilizoea kukujibu kwa Kiingereza nawe ukiniambia, "Nimekusikia. Sasa nijibu kwa mdomo wa mama yako."

Unaikumbuka ile Jumapili, ulipokuwa umekuja kukaa nasi huku ughaibuni? Asubuhi, kanisani kule Alief, nilipewa zaburi nisome. Nilisimama mbele ya watu, sauti ikakataa kutoka, nikarudi kitini bila kusoma hata mstari mmoja. Tukarudi nyumbani, hapa mjini Katy. Mama akaenda kulala kidogo kabla ya zamu yake ya usiku hospitalini. Mimi nikakataa kula. Hukunibembeleza. Uliweka sahani ya chapati na ndengu katikati yetu, ukawasha runinga.

Ilikuwa besiboli. Uliupenda mchezo huo kwa sababu, ulisema, una adabu: kila mtu hungoja zamu yake. Sheria tulizijua nusunusu. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo na kukimbia, na kila anayezunguka mpaka alipoanzia anaipa timu yake pointi. Siku hiyo walizunguka kama watu waliofukuzwa na nyuki. Kumi na mbili kwa kumi. Kumi na tano kwa kumi na nne.

"Hii ni mechi ama ni mavuno?" ukauliza. "Na hawa vijana wa siku hizi, masharubu yote hayo ni ya nini? Na suruali zinavyowabana!"

Kisha wakamwingiza mrushaji mdogo, hana hata ndevu, masikio yamechomoza chini ya kofia. Kila alichorusha kilipigwa. Mashabiki wake mwenyewe wakaanza kumzomea. Alikuwa akifuta mkono kwenye suruali na kutazama chini, nami nikahisi kana kwamba wananizomea mimi.

"Haki wamtoe," ukasema. "Kwani huyo hana mama?"

Hawakumtoa. Ukaweka kikombe chini, ukanyoosha mkono kuelekea runinga. "Baba, mshike huyu mtoto. Amalize tu. Si lazima ashinde."

Nikasema amina. Ndipo nilipogundua nilikuwa nimeshakula chapati mbili.

Alimaliza. Timu yake ilishindwa, kumi na tisa kwa kumi na saba, naye akatembea polepole hadi kwenye benchi. Mama akatoka chumbani, akatazama runinga, akacheka hadi akashika ukuta.

"Mami, unaombea nani? Hiyo ni marudio! Wakati wanacheza hiyo mechi, mimi nilikuwa bado shule ya msingi!"

Nilingoja ucheke pia. Hukucheka.

"Kwa hivyo huyo kijana sasa ni mtu mzima?"

"Pengine ako na wajukuu."

"Na alirudi kucheza?"

Mama akainua mabega, akaanza kutafuta viatu vyake vya kazi.

"Basi sala itamfuata huko huko nyuma," ukasema. "Mungu hatumii saa ya ukutani." Ukanisogezea kipande cha mwisho. "Lakini ningependa kujua kama alirudi."

Hatukukutafutia jibu. Ulirudi Kenya, na mwaka huu ukazikwa huko, sisi tukitazama kwa simu, picha ikikwama kila mara. Jumapili ijayo kanisa litakuwa na ibada ya kukukumbuka. Mama ameniomba nizungumze, kwa Kiswahili, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikishinda nawe nyumbani. Nilimwambia nitafikiria. Aliuona uso wangu, akasema hapana shida, atamtafuta mtu mwingine.

Jana niliitafuta ile mechi kwenye simu. Ilichukua muda, lakini niliipata, na jina la yule kijana pia. Wiki ile ile, Shosho, walimpa mpira tena. Mipira yake ilipigwa, ila si sana. Akaendelea kucheza miaka mingi. Kuna picha yake ya mwisho uwanjani, na yeye pia amefuga masharubu.

Nimemwambia Mama asimtafute mtu mwingine. Sauti ikikataa, nitasimama pale pale niingoje, mpaka zamu yake ifike. Si lazima nishinde.

Nilitaka uwe wa kwanza kujua: alirudi.

Ni mimi, mjukuu wako wa Katy.