Nuru hakuwainukia wakwe

Mama Trésor, Hidaya mke wa mwanangu amenipigia sasa hivi kutoka Muyinga, baada ya adhuhuri. Mi nimekaa tu.

Ni dada yangu Nuru. Goti lile jipya alilowekewa hospitalini liko na miezi saba, bado linauma na halimwinui. Lakini kwenye simu anatuambia sote amepona. Amechoka kuulizwa.

Leo asubuhi wakwe wametoka Gitega kumposa mjukuu wake Farida. Watu wote wakasimama kuwapokea. Nuru akabaki kwenye kiti! Baba wa kijana akaishia mlangoni: "Kama bibi mwenyewe hasimami, tumeshajibiwa. Twendeni."

Kwenye kiti, yewe!

Farida analia: "Bibi, simama basi!"

Unajua alifanya nini? Akapandisha kitenge mpaka juu ya goti. Mbele ya wakwe, mama Trésor! Mbele ya wakwe! Kovu lote nje. Akasema, "Hili ndilo lililowakatalia. Mimi sijakataa."

Mzee akageuza uso. Kisha akavua viatu, akaketi mkekani karibu na miguu ya Nuru: "Basi mama, sisi ndio tutashuka."

Posa imekubaliwa. Hidaya anasema Nuru hakucheka wala hakulia. Aliomba tu mtu amshushie kitenge, akalala palepale kitini.