Gunia la Vidonge vya Mbao

Shamba la Ngano, Hanang
3 Juni 1984

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako na hicho kifua chako. Hapa karakana wamenipa kazi mpya: vumbi la mbao nalikaanga ndani ya pipa lililozibwa mpaka liwe rangi ya kahawa, halafu mashine inalishindilia kuwa vidonge vya kuni. Havitoi moshi wala havinyonyi maji! Gunia linakuja na lori la ngano. Mpikie Padre siku ya jumuiya, majirani waone.

Mwanao,
Margwe

Mbulu
1 Julai 1984

Mwanangu Margwe,

Marahaba. Kifua kimerudi, na sababu utaijua sasa hivi. Loo, moshi! Padre alitokwa machozi kitini, na mikono yangu ikawa nyeusi tii. Nikawaambia kosa ni langu, niliviacha nje umande ukavilowesha. Shangazi yako Genoveva naye hana dogo: "Wifi, si ulitusomea barua kwamba havinyonyi maji?" Nikainama. Mbele ya Padre, mtu mzima kama mimi! Niambie, niliwasha vibaya?

Mama yako

Mbulu
12 Agosti 1984

Margwe,

Hujambo? Barua yangu uliipata? Basi, habari za vidonge siulizi tena. Niandikie tu kwamba uko mzima.

Mama yako

Shamba la Ngano, Hanang
30 Septemba 1984

Mama,

Shikamoo. Naona aibu hata kushika kalamu. Hukuwasha vibaya. Nilikuwa nimeshajisifu kwako, lori linaondoka, nikafungua pipa kabla halijapoa. Hewa ikaingia, vumbi lote likashika moto. Basi nikashindilia vumbi bichi, nikalipaka unga wa mkaa lifanane. Nilijua, Mama, na bado nikakutumia. Wewe ukabeba uongo wangu mbele za watu. Naomba barua hii uisome kwenye jumuiya, usiruke mstari. Vumbi la gunia ninalokutumia sasa nimelikaanga sawasawa, pipa nikalilinda mpaka likapoa.

Mwanao mkosaji,
Margwe

Mbulu
18 Novemba 1984

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimetulia. Barua nimeisoma mbele yao. Nilipofika kwenye unga wa mkaa nikampa Genoveva karatasi, akamalizia, wala hakucheka. Gunia lako nililiacha wazi uani makusudi, mvua ya siku mbili ikalipiga. Nilishasema vililoweshwa, basi nikavilowesha kweli. Leo asubuhi nimepikia uji, na moshi sikuuona. Krismasi njoo. Padre nitamwalika tena, ila moto utawasha wewe.

Mama yako