Sindano Alidungwa Rahma, Nikaanguka Mimi

Jumanne, baada ya Isha

Nundu ya kwenye paji la uso imeshakuwa kama ndimu, na anayenikanda kwa barafu ni mke wangu aliyelazwa.

Mimba ina miezi saba tu na uchungu umemshika tangu jana, kwa hiyo daktari kaamrisha Rahma asiinuke kitandani. Leo mchana nesi kaja na sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, ili akizaliwa kabla ya wakati aweze kupumua. Nikamshika Rahma mkono, nikamwambia, "Usiogope, mimi nipo."

Kisha nikaiona sindano yenyewe.

Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye kochi la wageni, miguu juu ya mito, nesi ananipima presha. Hapo mama mkwe akaingia na chupa yake ya uji kutoka nyumbani kwake Mawaleh. Kanitazama mimi, kamtazama bintiye.

"Wallahi sifahamu. Mgonjwa nani hapa?"

Rahma akacheka mpaka machozi. Mimi roho ikaniruka, nikidhani kicheko kitamleta mtoto. Nna khofu tangu jana na sijamwambia mtu. Mtoto mdogo mno, na mimi...

Jioni daktari kapita. Uchungu umetulia, na Rahma akiendelea kupumzika huenda mtoto akabaki tumboni wiki kadhaa. Mama mkwe kasema alhamdulillahi. Mimi nikalia, tena kwa sauti.

Rahma akalipapasa tumbo lake taratibu.

"Kaa humo humo, mwanangu," akamwambia. "Baba'ko bado hajawa tayari."