Fataki Zako Zimehama

Wistin,

Supu iko kwenye sufuria, ipashe moto. Paka hajala.

Asubuhi nilitaka kuoka makaroni. Nafungua oveni, nakuta fataki zako za sikukuu ya Mtakatifu Katarina, umezifunika kwa kitambaa cha mama yangu. Ningetangulia kuiwasha, sasa hivi mimi na makaroni tungekuwa juu ya paa la padri.

Kibali chako ni cha kuzirusha, si cha kulala nazo. Ghala lenu la fataki lipo kule mashambani, lakini wewe unaogopa wenzako wataiona rangi yako mpya ya fataki kabla ya siku yake. Haya.

Nilipiga simu ghalani, hakuna aliyepokea. Wote mko kanisani mnapamba. Nikampigia kaka yangu. Ghala lao lina kibali, akaja kuzichukua na gari lao.

Ndiyo, watu wa Mtakatifu Roko, wapinzani wenu wa kila mwaka. Na sikukuu yao ni leo.

Nitakaa kwa mama ~~wiki nzima~~ mpaka kesho. Jioni panda juu ya paa utazame upande wetu. Kaka anakushukuru sana kwa ile ya zambarau.

Mkeo