Damu Iliyokataa Malaria

Bukavu, Nguba, tarehe 19 Novemba 2000

Shemeji Delphin,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanafunzi wako huko Luberizi, na kwamba mpunga umepandwa ijapokuwa askari wanapita bondeni. Sisi hapa tunalala na kuamka. Mama yangu, Maman Godelive, anaumwa magoti lakini anatembea.

Barua yako ya Agosti ilinifikia juzi kwa mkono wa sista aliyepitia Bujumbura. Unaniambia utamwoa Larissa mwezi wa Januari, na unaomba dada yako Consolate aje asimame mahali pa marehemu mama yenu. Nimeisoma mara nyingi. Niruhusu nianzie mbali kidogo.

Unajua kwamba binti yetu Joviale alifariki Juni mwaka jana, akiwa na miaka minne. Sikukuandikia aliugua nini. Docta Yolande, ninayefanya naye kazi kwenye labo ya hospitali, alisema ni ile watu wanaita anemi SS, ugonjwa wa selimundu. Mikono ilimvimba, alilia mifupa. Tulimtia damu mara tatu. Mara ya nne haikupatikana. Kwenye matanga Maman alisema mbele ya watu kwamba nyumbani kwetu hakuna mtoto aliyewahi kufa kwa damu, na kwamba hata malaria haikuwahi kuwalaza watoto wake. Akasema, “Hii damu mubaya imetoka kwa bamama ya Consolate,” yaani upande wa mama yenu. Akakumbusha kuwa mtoto wa dada yenu mkubwa naye alikufa hivyo hivyo. Mimi sikumtetea Consolate.

Septemba ya mwaka huohuo Maman alimwambia Consolate aende akapumzike Bunyakiri, kwa shangazi yenu tante Anne-Marie. Nilimbebea mfuko mpaka kwenye lori. Majirani niliwaambia amekwenda kusaidia mavuno. Kwa hiyo barua zote ulizotuandikia sisi wawili, nilizisoma peke yangu.

Mwanzoni mwa mwaka huu klorokini ilikuwa haiponyeshi tena wagonjwa wengi, na Docta Yolande alitaka kujua kama malaria ya hapa bado inaiogopa dawa hiyo. Tukaanza kukuza vimelea kwenye sahani ndogo, ndani ya kopo tulilolifunga na kulipunguzia hewa kwa gesi, maana ndani kabisa ya mwili hewa ni chache. Kimelea cha malaria hakiishi hivi hivi. Lazima kiingie ndani ya chembe nyekundu ya damu, kijilishe humo, kizaane, kisha kiipasue na kutafuta nyingine. Kwa hiyo kila wiki tulihitaji damu mpya. Muuguzi aliyekuwa anatoa yake alikimbia mji, nikatoa yangu.

Sahani ya kwanza ilikufa. Ya pili pia. Tukaosha vyombo vyote upya, ya tatu nayo ikafa. Docta akatoa damu yake mwenyewe. Kimelea kilekile, maji yaleyale, kopo lilelile. Siku ya nne sahani ilikuwa imejaa vimelea. Akasema kosa haliko kwa kimelea, liko kwenye damu tunayokipa. Alichukua tone kwenye kidole changu, akalichanganya na dawa inayomaliza hewa, akalifunika kwa kioo. Baada ya saa moja aliniita niangalie. Chembe zilikuwa zimepinda kama mundu.

“Philémon, na wewe uko nayo,” alisema.

Alinieleza kwamba mwenye nusu ya ile anemi, aliyoirithi kwa mzazi mmoja tu, haugui. Ndani ya chembe zake, hewa ikipungua, kimelea kinaingia kwa shida na hakikui, ndiyo maana malaria haikunilaza utotoni. Lakini mtoto akipata nusu kwa baba na nusu kwa mama, anapata ugonjwa wenyewe. Mama peke yake hawezi kuuleta. Nilisema asante, nikaenda kuosha sahani.

Hiyo ilikuwa tarehe 11 Februari. Njia ya Bunyakiri ilikuwa wazi, malori ya ndizi yalienda na kurudi mpaka mwisho wa Mei. Sikwenda. Sikumwambia Maman. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Watu walikuwa wananihurumia, na nilikuwa nimezoea kuhurumiwa. Sina sababu nyingine ya kukupa.

Julai wenye silaha waliingia kijijini. Consolate na tante walikimbilia msituni, upande wa Hombo. Tante alifika hapa Oktoba, peke yake, miguu imevimba. Shemeji, dada yako alifariki tarehe 3 Septemba, kwa kuhara. Amezikwa kando ya njia na tante anapajua mahali. Nilimuuliza tante kama Consolate alinitaja. Alisema hapana. Alimtaja mtoto tu. Siku za mwisho alikuwa anasema hakupaswa kuzaa, kwa sababu damu yake ndiyo iliyomuua Joviale. Alikufa akiamini hivyo, na mimi nilikuwa najua tangu Februari.

Sikulia. Siku ile niliandika majibu ya wagonjwa kumi na wanne, na hakuna lililokosewa. Jioni nilimwambia Maman yote. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliuliza kama ile nusu yangu imetoka kwake au kwa marehemu baba. Nikasema sijui. Akaendelea kuchambua.

Nakuomba kitu kimoja. Consolate alikuwa nayo, basi huenda na wewe unayo. Kabla ya Januari mwende na Larissa penye mikroskopu, Uvira au popote, mpimwe nyote wawili. Akiwa nayo mmoja tu, oaneni kwa amani. Mkiwa nayo wote, mjue mapema mkiwa pamoja, na usimwache mtu yeyote aseme imetoka kwa mke.

Tante anakaa kwetu, anakusalimu sana na anakuombea. Maman naye amesema nikusalimie. Mpe Larissa heshima zangu. Sitakuja harusini.

Philémon,
aliyekuwa mume wa dada yako