Mpwa Wako Ameingia Mwaka wa Sita

Mdogo wangu mpendwa Mkude,

Sasa hivi mpwa wako ametoka hapa mkono mweusi tii. Ameokota mkaa jikoni akaandika jina lake mlangoni, herufi kubwa kama majembe: ALOISI. Chini yake: MWAKA WA SITA. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akalitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi wake wa kwanza. "Mama, si unajua kusoma? Haya, soma." Nikamwambia ashike kibuyu akateke maji, aje alifute mwenyewe. Ameshuka kijitoni anapiga mluzi. Ndipo nimepata nafasi ya kukuandikia, kwenye karatasi iliyofungiwa chumvi dukani, na mlango uko wazi mbele yangu, jina lile linanitazama.

Wewe unamjua kwa jina la Kobelo. Ulimwacha anajifunza kusimama, akishika mguu wako kama nguzo. Aloisi ni jina la ubatizo, jina la misheni, kama wewe ulivyokuwa Bonifasi darasani na Mkude hapa nyumbani. Hapa kitongojini hakuna aliyekuita Bonifasi. Hata mama alikuwa akilisahau. Laiti na mimi ningelisahau.

Mwaka huu ulipoanza, mwalimu alituita wazazi wote wa darasa la sita, tukakaa barazani pale shuleni. Akasema anataka tujue mapema yatakayotupata, tusije tukadhani watoto wamerogwa. Mtoto wa mwaka wa sita, akasema, atakula chakula cha watu wawili. Atakujibu hujamaliza kuuliza. Ataona haya kubeba mkungu wa ndizi njiani wenzake wakimtazama. Atakusahihisha maneno mbele ya wageni. "Msimpige kwa hilo. Ni akili inaota meno."

Mzee mmoja akauliza, "Na kulima je, mwalimu?"

"Atalima, mzee wangu. Lakini atakuwa anahesabu matuta."

"Basi wangu ameanza zamani. Anahesabu tu, halimi."

Tukacheka sana. Mwalimu naye akacheka, akaendelea: mwishoni kutakuwa na mtihani mbele ya Padri, na watakaoshinda majina yao yataandikwa. Mimi nikauliza, kwa kuwa ulimi wangu unaujua, hauna kizuizi: "Yakishaandikwa, yanakwenda wapi?"

Mwalimu aligeuka akaufuta ubao. Ubao haukuwa na kitu, Mkude.

Nilirudi nyumbani nikimtazama mtoto kama mtu anayetazama wingu. Kweli akaanza kula. Kweli akaanza kunisahihisha. Kila alichosema mwalimu kilikuja kwa zamu yake, na kila kilipokuja nilikukumbuka wewe, kwa sababu wewe nawe uliyafanya yote hayo mwaka wako wa sita, ila sisi hatukuwa na mtu wa kutuonya. Unakumbuka ulivyokataa kubeba kuni? Mama alisema, "Haya, bwana mkubwa, basi leo tutapika kwa kitabu chako."

Lakini mwaka ule ule ndio ulionifundisha mimi. Nilikuwa na Kobelo mgongoni, sikuwahi kukaa darasani hata siku mbili zinazofuatana. Ulikata jani la mgomba, ukachukua mwiba wa mlimau, ukachora. Mwanzoni sikuona kitu, jani lilikuwa kijani tupu. Nikakwambia unanidanganya. Ukasema, "Ngoja, dada. Litajitokeza lenyewe." Tukakaa tunalitazama, na herufi zikaanza kuwa nyeusi moja moja, mpaka jina lako likasimama pale. Bonifasi. Ndilo neno la kwanza nililojua kulisoma maishani mwangu.

Sijawahi kukuandikia habari za siku ile ulipochukuliwa. Leo naandika.

Unajua jinsi askari alivyokuja. Akida wa serikali aliyemtuma alishindwa na mlima, akabaki bondeni, akampa karatasi apande nayo peke yake. Askari mwenyewe hakujua kusoma. Aliwakuta wazee wanamenya ndizi za kupika, akawanyooshea: "Hapa pameandikwa nani?" Marehemu babu akaipokea, akaishika juu chini, akaitazama kwa makini, akasema, "Inasema urudi kwenu salama." Watu wakaangua kicheko mpaka askari akacheka. Alikuwa amechoka yule mtu, miguu imemvimba. Angekunywa maji, angerudi. Nina hakika angerudi.

Mimi ndiye niliyetoka jikoni. "Babu, umeishika miguu juu!" Nikaichukua, nikaigeuza, na katikati ya maandishi yale yote nikaliona neno langu. Nikalisoma kwa sauti, watu wote wasikie: Bo-ni-fa-si. Akina mama wakapiga vigelegele. Binti kasoma karatasi ya boma! Nikazidi kuvimba kichwa, nikasema, "Loo, huyu si mdogo wangu Mkude!"

Na wewe ulikuwa unapanda kutoka kijitoni.

Hukunikasirikia. Heri ungenikasirikia. Uliniangalia tu, ukasema, "Dada, umesoma vizuri." Ukampa mama kibuyu, ukaenda na askari. Ilisemwa wanataka vijana wa kuandika kwenye reli, na kazi ikiisha watarudi. Barua yako moja ilifika, ya kutoka Mpwapwa, ukisema unahesabu mataruma ya reli na kwamba upepo wa huko una mchanga. Baada ya hapo reli ilikwenda mbele na wewe ukaenda nayo, na sisi tukabaki tunasikia tu treni ikilia kule mjini Morogoro tukishuka kuuza ndizi. Mama hajanitamkia hata neno moja la lawama. Ila akipakua, bado anaacha kipande cha ndizi pembeni ya chungu, na hakuna anayekigusa.

Sasa sikiliza. Vita vya Wazungu vimefika. Wanaume wa bondeni wameanza kuchukuliwa kubeba mizigo, na inasemwa kila msafara unataka mtu wa kuandika majina ya wapagazi, nani yupo na nani ameanguka. Wanaojua kuandika ni wachache. Watapatikana wapi, kama si shuleni? Nilimfuata mwalimu shambani kwake, nikampa shikamoo, nikamwambia: mtoto wetu hatoki hapa bila mjomba wake kumtemea mate ya baraka, ndiyo mila yetu, na mjomba wake hayupo. Mwalimu aliegemea jembe. "Mama Kobelo," akasema, "boma halimjui mjomba. Boma linajua daftari." Kisha akaniuliza polepole, "Huko nyumbani mnamwitaje?" Nikamwambia. Akasema, "Basi mwiteni hivyo hivyo. Na mumwite kwa nguvu."

Nimepita nyumba hadi nyumba. Nimewaomba watu wote: hapa hakuna Aloisi, hatumjui Aloisi, na mimi sijui kusoma, nilisahau zamani. Wameitikia. Hata mama yake Tatu, unayeujua mdomo wake, ameapa.

Anayenishinda ni Kobelo. Ana miaka kumi na miwili, mwaka wa sita umempanda kichwani. Nimemsimulia habari zako zote, isipokuwa ile ya babu na karatasi, hiyo nimeona haya. Labda ndiyo iliyokuwa dawa yake. Ameandika Aloisi kwenye mpini wa jembe. Ameandika Aloisi kwenye kibuyu. Juzi nilikuwa nashuka njia ya Matombo na mzigo kichwani, nikainua macho, majani ya migomba kushoto na kulia yana jina lake, na yale aliyoyachora asubuhi ile yalikuwa bado yanajitokeza, yanageuka meusi huku napita. Nimeyachana yote niliyoyafikia. Mengine yako juu. Siku hizi ananipita urefu.

Usidhani nimekata tamaa. Padri amesema atakayekuwa wa kwanza katika mtihani huenda akabakizwa hapa misheni awafundishe wadogo, na anayefundisha haguswi. Na Kobelo ana akili, Mkude, ana akili kama zako. Mtihani ni baada ya kuvuna mpunga. Naomba tu tufike huko. Kila siku ikipita bila mgeni naihesabu kuwa ni yetu.

Barua hii nimeiacha wazi makusudi, haina bahasha. Mwenye duka aliyezoea kununua ndizi zetu pale Mwembesongo mjini ameniahidi ataipa watu wa treni, waisome kila kituo kwa sauti. Basi wewe unayeisoma sasa, kama unamjua kijana mrefu Mluguru, ana kovu kidevuni la kuanguka mwambani, labda wanamwita Bonifasi, mpe. Mwambie mpwa wake anamngoja. Mkude, kama huwezi kuja, niandikie neno lako la mjomba kwenye karatasi, useme mtoto huyu asiondoke. Labda boma likiona karatasi litaiheshimu, maana linaheshimu karatasi kuliko watu. Na mimi nitaisoma hiyo kwa sauti, mbele ya kila mtu, ili mdomo uleule ulipe.

Nakuachia milima yote hii, na ndizi yako pembeni ya chungu.

Dada yako, aliyesoma vizuri,
Mama Kobelo

Nimesahau jambo moja, karatasi imebaki kidogo. Ule mlimau ambao wewe ulikuwa unachuma miiba yake umezaa mwaka huu, na mama anasema hilo ni dalili njema, ni dalili ya mtu kuru— ngoja, mama mwenyewe ananiita. Yuko chini kijitoni, anapiga kelele: "Mama Kobelo! Acha hayo makaratasi, shuka! Kuna askari hapa na orodha, anauliza nani anajua kusoma, na huyu mwanao anasema yeye!" Mkude, nakwenda, nitawahi, nitaichukua mimi orodha mkononi mwa askari kabla Kobelo hajaitazama, nitaishika juu chini kama babu, nitawaambia kwamba hapo pameandikwa